Kompyuta ya Bohari na Tarakimu Zilizosahauliwa

Programu ya kusimamia shughuli za kampuni ni leja moja kubwa inayoandikwa na idara nyingi kwa pamoja. Mtunza bohari anapotoa beringi mbili, hesabu ya akiba hupungua, gharama za karakana huongezeka, na afisa manunuzi hupata taarifa pindi akiba inapofikia kiwango cha kuagizia. Kampuni ya SAP, iliyoanzishwa Ujerumani mwaka 1972 na wahandisi watano waliotoka IBM, ilijipatia umaarufu kwa programu za namna hiyo, na leo viwanda vingi vya Afrika ya Mashariki vinazitumia, ziwe za kampuni hiyo au za nyingine.

Hata hivyo, si ajabu kukuta kiwanda kilichonunua programu hiyo kwa fedha nyingi, ilhali mtunza bohari wake ameficha mezani daftari la shule ambalo ndilo analolitegemea. Uongozi ukigundua jambo hilo, kwa kawaida humkaripia mtunza bohari, kisha huagiza programu mpya. Yafaa kwanza daftari hilo lisomwe, kwa kuwa huonyesha mahali hasa ambapo kompyuta imeacha kusema kweli.

Tuchukue mfano wa kiwanda cha sukari. Kila mwezi kiwanda hicho hutumia beringi 12 za aina moja katika pampu zake. Siku programu ilipofungwa, fundi aliyeifunga alihitaji kujaza muda wa kungojea mzigo tangu oda inapotolewa hadi vifaa vinapopokelewa. Aliandika siku 30 kwa vipuri vyote, ili amalize kazi. Akiba ya tahadhari iliwekwa beringi 6. Basi kompyuta hukokotoa kiwango cha kuagizia hivi: matumizi ya mwezi mmoja, yaani 12, kujumlisha 6, jawabu 18. Lakini beringi hizo hutoka ng'ambo, na kwa hakika hufika baada ya siku 90. Beringi 18 hutosha mwezi mmoja na nusu tu. Kwa hiyo, katika kila oda, kuna siku 45 ambazo rafu ni tupu, na kompyuta imetenda sawasawa na ilivyoamriwa.

Madhara yake hayaishii bohari. Pampu ikisimama wakati wa msimu, kinu nacho husimama, na miwa iliyokwisha kukatwa hulala shambani au juu ya matrela. Muwa uliokatwa huanza kupoteza sukari yake katika muda wa siku moja au mbili, hasa palipo na joto. Pale ambapo mkulima hulipwa kwa kiasi cha sukari iliyomo katika miwa yake, hasara ya tarakimu moja iliyoandikwa kwa haraka humfikia mtu ambaye hajapata kuiona kompyuta hiyo.

Marekebisho yake hayahitaji kununua chochote. Tarehe za oda na tarehe za kupokea mali zimo tayari ndani ya programu. Kinachotakiwa ni kuzitoa, kupata wastani wa kila kipuri, na kuandika muda wa kweli. Akiba ya tahadhari nayo ipimwe upya. Iwapo matumizi hupanda na kushuka bila mpango maalumu, akiba hiyo hukua kwa kadiri ya kipeuo cha pili cha muda wa kungojea. Muda ukiwa mara tatu, akiba huwa takriban mara 1.7: kutoka 6 hadi kama 10. Kiwango kipya cha kuagizia ni 36 kujumlisha 10, yaani 46. (Kanuni hii haifai kwa miezi ya masika, kiwanda kinapofungwa kwa matengenezo makubwa, mahitaji ya wakati huo hujulikana mapema na yaagizwe peke yake.)

Hesabu hizi zote hubatilika ikiwa idadi iliyo katika kompyuta si ile iliyo rafuni. Joseph Orlicky wa IBM, ambaye kitabu chake cha mwaka 1975 kilieneza upangaji wa mahitaji ya vifaa kwa kompyuta, alilihesabu jambo hili miongoni mwa masharti ya mwanzo. Tuseme ukarabati wa pampu moja huhitaji vipuri 10 vya aina mbalimbali, na kumbukumbu ya kila kimoja ni sahihi kwa asilimia 95. Wengi wangeridhika. Lakini uwezekano wa vyote 10 kuwa sahihi kwa pamoja ni 0.95 kuzidishwa kwa yenyewe mara 10, yaani asilimia 60 hivi. Katika kila pampu tano, mbili zitafunguliwa na fundi akute kitu fulani hakipo kama ilivyoandikwa. Usahihi ukipanda hadi asilimia 99, uwezekano huo hufikia asilimia 90.

Kuhesabu mali mara moja kwa mwaka hakuleti usahihi huo, kwa maana kosa la Februari likionekana Desemba hakuna akumbukaye lilivyotokea. Afadhali vihesabiwe vipuri vichache kila siku, vya thamani kubwa mara nyingi zaidi, na kila tofauti itafutiwe chanzo chake: hati ya kutolea iliyosahauliwa zamu ya usiku, au mali iliyopokelewa kwa dazeni ikaandikwa moja moja.

Kabla ya kuhesabu, majina yasafishwe. Beringi namba 6205, yenye tundu la milimita 25, kipenyo cha nje milimita 52 na upana milimita 15, huweza kuandikwa mara tatu: kwa namba yake, kwa vipimo vyake, na kama "beringi ya pampu ndogo". Kompyuta huviona vitu vitatu. Kimoja kinaposoma sifuri, oda hutolewa ng'ambo, na huku beringi 30 zile zile zimelala rafu ya pili kwa jina jingine.