Trauti wa Dhahabu Yuko Miguuni Pako

Ukifika Cottonwood Lakes, kwenye milima ya Sierra Nevada huko California, uko zaidi ya mita 3,300 juu ya usawa wa bahari. Pumzi ni fupi, na hamu yote ni kusogea ukingoni na kurusha mshipi mbali. Usisogee. Trauti wa dhahabu anazunguka kwenye maji ya kina kifupi, hatua chache tu kutoka nchi kavu, naye atakuona kabla hujamwona.

Samaki huyu asili yake ni Golden Trout Creek na mto South Fork Kern. Mwaka 1876 wachache walihamishiwa kijito cha Cottonwood. Amekuwa adimu kwenye maji yake ya asili hasa kwa kuzaliana na trauti wa kigeni waliopandikizwa, na ndiyo maana nasisitiza avuliwe kwa adabu.

Basi chuchumaa mbali kidogo na maji, kivuli chako kisiyaguse. Vaa miwani inayokata mng'ao, utazame. Ziwani hakuna mkondo wa kumletea chakula, hivyo anakitafuta mwenyewe kwa kufuata ukingo, mara nyingi kwa njia ileile. Utaona kwanza kivuli juu ya mchanga, kisha ubavu wa manjano, na akigeuka, wekundu wa tumbo. Mwache apite. Akishatokomea, tua nzi wako wa bandia kwenye njia yake na umwache atulie kabisa. Samaki akirudi na kukaribia, mtikise nzi kidogo, basi. Ukimrushia kichwani, umempoteza.

Tumia nzi wadogo, namba 16 hadi 20. Namba ikipanda, nzi anapungua ukubwa. Sisimizi mweusi anafaa sana, maana upepo huwaangusha wa kweli majini. Ukivuma, nenda ukingo unaopigwa na mawimbi, ndiko wadudu wanakokusanyika. Uzi wa mwisho uwe mwembamba, mita tatu au zaidi.

Ndoana iwe haina kijino. Lowesha mikono, mfungue samaki akiwa majini, na mwanzoni mwa kiangazi usikanyage changarawe za vijito viingiavyo ziwani: mayai yamo humo. Kanuni hutofautiana ziwa kwa ziwa, zisome kabla ya kupanda.

Mawingu meusi yakianza kujikusanya mchana, acha kuvua uteremke mara moja. Ufito wa kaboni hupitisha umeme, na ukingoni pale hakuna kilicho kirefu kuliko wewe.