Tabia Nayo Iulizwe: Kwa Wanaouguza Wagonjwa wa Niuroni za Mwendo

Ugonjwa wa niuroni za mwendo, yaani kufa kwa seli za neva zinazoamrisha misuli, hujulikana kwa alama zake za mwilini: kikombe kinachoponyoka, mguu unaoburuzwa, ulimi unaokuwa mzito. Kwa muda mrefu hata madaktari waliwaambia ndugu kwamba mwili huzimika huku akili ikibaki timamu, na maisha ya mwanafizikia Stephen Hawking yaliipa imani hiyo nguvu. Kwa wengine ni kweli. Lakini takriban nusu ya wagonjwa hupata mabadiliko ya kufikiri au ya tabia, na 10 hadi 15 katika kila 100 hufikia dimenshia, yaani kuporomoka kwa uwezo wa akili, inayoshika sehemu za mbele na za kando za ubongo. Mwaka 2006 iligunduliwa kwamba protini iitwayo TDP-43 hurundikana kwenye seli katika magonjwa yote mawili. Mwaka 2011 hitilafu ya jini ya C9orf72 ikaonekana kuleta huu, au ule, au yote mawili kwa mtu yuleyule. Kwa hiyo tabia inayobadilika yaweza kuwa sehemu ya ugonjwa, na inastahili kuulizwa kliniki kama zinavyopimwa pumzi na uzito.

Badiliko linaloonekana zaidi ni kukosa ari, nalo huzua ugomvi nyumbani kwa sababu linafanana na uvivu. Baba ambaye hakukosa taarifa ya habari anakaa mbele ya televisheni iliyozimwa. Mkewe analia huku akimfunga vifungo vya shati, naye anauliza chai iko wapi. Wengine hupoteza haya, hurudia jambo moja kutwa nzima, au ghafla hutaka vitamu tu. Hili la chakula lisichukuliwe kwa wepesi. Koo lililolegea linahitaji tonge dogo na subira. Anayeshindilia chapati kabla hajameza ya kwanza anaweza kupaliwa hadi kufa, na kumwambia ale taratibu hakutoshi, kwa kuwa kilichoharibika ni breki ya ubongo. Inabidi apakuliwe kidogo kidogo.

Wapo watakaouliza: nani asiyebadilika akiambiwa ana ugonjwa usiopona? Swali hilo lina uzito, na ndilo linalotulazimu kupima badala ya kukisia. Mwenye sonona huumia. Aliyekosa ari kwa sababu ya ubongo mara nyingi hana huzuni, hata hushangaa mnalalamikia nini. Kulia au kucheka kusikoendana na moyo ni jambo la tatu, na zipo dawa za kulipunguza. Tena misuli ya kupumua ikichoka usiku, hewa chafu hubaki mwilini, mgonjwa akaamka na kichwa kizito na mawazo yamevurugika. Huyo huenda akahitaji mashine ya kumsaidia kupumua. Kwa jirani, wote wanne “wamebadilika” tu. Kipimo cha ECAS, kilichotoka Chuo Kikuu cha Edinburgh na kuchapishwa mwaka 2014, huchukua dakika 15 hadi 20, na sehemu yake ya tabia huulizwa mtu wa karibu, maana mgonjwa mwenyewe mara nyingi halioni badiliko lake. (Sehemu ya kuendeleza maneno haifai kutafsiriwa tu na kupewa asiyesoma; maswali ya tabia hayahitaji kalamu.) Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2016 unataka mabadiliko haya yaulizwe tangu ugonjwa unapotambuliwa.

Pingamizi gumu zaidi ni la sitara: mke atamwelezaje daktari aibu za mumewe, naye yupo pale kitini? Asieleze mbele yake. Aulizwe kando, kwa idhini, na asihesabiwe msaliti; anayenyamaza hubaki akiamini kwamba mumewe amemchukia. Na kama hakuna tiba, kujua kuna faida gani? Uamuzi kuhusu mrija wa kulishia na mashine ya kupumua unahitaji mtu anayepima mambo, na namba ya siri ya pesa za simu mikononi mwa aliyepoteza kujizuia yaweza kumaliza akiba ya nyumba. Hayo hupangwa mapema, mgonjwa mwenyewe akiwa na kauli.

Kabla ya kliniki ijayo, andika kwenye karatasi mambo mawili matatu uliyoona yamebadilika na yalianza lini, kisha omba dakika tano za kuzungumza na mhudumu peke yako.