Sumu Isiyoonekana

Kewanja ni kijiji cha wilaya ya Tarime, katika nchi ya dhahabu iitwayo Nyamongo. Hapo upo mgodi mkubwa wa North Mara, tena wapo wachimbaji wadogo. Karibu hupita mto Tigithe, nao huingia mto Mara, na Mara huingia ziwa Victoria. Basi sumu itiwayo mtoni huweza kufika mbali.

Wachimbaji wadogo husaga mawe, wakachanganya unga wake na zebaki, madini ya majimaji yang'aayo kama fedha. Zebaki hushikamana na dhahabu. Kisha huchomwa, nayo hutoka kwa mvuke, dhahabu ikabaki. Mvuke ule huingia mapafuni na kudhuru ubongo na figo. Zebaki imwagikayo mtoni hugeuzwa na vijidudu vya matopeni kuwa sumu kali zaidi, ikaingia katika samaki, na mwisho ikamfikia mlaji.

Habari hii ilijulikanaje? Kwa msiba. Mwaka 1956, katika mji wa Minamata, Japani, ulitambuliwa ugonjwa mgeni. Watu walitetemeka, wakashindwa kusema na kutembea. Hata paka walao samaki waliugua. Daktari Hosokawa Hajime, wa hospitali ya kiwanda cha hapo, alimpa paka chakula kilichochanganywa na maji machafu ya kiwanda. Mwaka 1959 paka yule akaugua vivyo hivyo. Wakubwa wa kiwanda hawakuitangaza habari ile, na serikali haikukiri mpaka mwaka 1968. Miaka yote hiyo maji yale machafu yaliendelea kumwagwa.

Sasa angalieni njia ya uchunguzi. Kwanza, wagonjwa huhesabiwa, wakaulizwa wanakula nini na kunywa wapi. Pili, hupimwa maji, matope, samaki, na nywele au mkojo wa watu. Tatu, mahali hapo hulinganishwa na mahali pasipo machimbo. Jambo moja peke yake halitoshi.

Mwaka 2009 maji yenye asidi yalivuja mgodini North Mara, yakaingia Tigithe. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Norwei walipima maji, udongo na matope ya nchi ile, wakakuta mahali pengine aseniki nyingi. Sumu hii haina rangi wala ladha majini. Mtu ainywaye kwa miaka mingi huweza kupata magonjwa ya ngozi na saratani. Lakini kupima mto si kumpima mtu: ili kujua nani ameugua kwa sumu hiyo, yapasa watu wenyewe wapimwe.

Tena kumbukeni: kuchemsha maji huua vijidudu, bali hakuondoi aseniki wala madini mengine. Maji safi machoni huenda si safi.

MASWALI
1. Kwa nini kuchemsha maji hakutoshi?
2. Daktari Hosokawa alifanya nini, na watu walipata hasara gani kwa habari yake kufichwa?
3. Taja mambo matatu ya uchunguzi.