Jirani, Mzoefu na Mwandani



Hapa Rhamu, kando ya mto Daua unaotutenga na Ethiopia, Wakatoliki wengi ni walimu, wauguzi na askari walioletwa na kazi. Wengine wamewaacha mume au mke nyumbani, mamia ya kilomita kutoka hapa.

Mwalimu mmoja aliniambia, “Katekista, mimi na mke wangu tuko karibu sana. Tunaongea kwa simu kila jioni.” Nikamwuliza huwa wanaongea nini. Akahesabu: karo, unga, ng'ombe, mvua. Nikamwuliza tena, “Siku hizi mama watoto anaogopa nini?” Akanyamaza.

Ndugu msomaji, neno “karibu” hubeba mambo matatu, nasi huyachanganya.

Kwanza ni ujirani, yaani ukaribu wa mahali. Watu wawili waweza kulala kitanda kimoja wakabaki majirani tu.

Pili ni mazoea. Unajua mwenzako anataka sukari kiasi gani, na atakavyojibu kabla hajafungua kinywa. Hilo ni jema, lakini wahenga walisema mazoea yana tabu. Anayedhani amekwisha kumjua mwenzake huacha kumwuliza.

Tatu ni uandani. Mwandani ni mtu uliyemkaribisha ndani ya moyo, unayemwambia hofu na aibu yako bila kuogopa kuchekwa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulifundisha kwamba ndoa ni ushirika wa ndani wa maisha na mapendo. Mume na mke wameitwa kufika hapo, wasiishie kwenye mazoea.

Jioni ile mwalimu aliuliza. Mkewe alilia kwanza, kisha akasema ameona uvimbe kwenye titi, yapata miezi miwili, na hakutaka kumtia wasiwasi. Mwalimu aliomba ruhusa, akapanda basi, wakaenda hospitali pamoja. Miezi miwili simu ililia kila siku, na jambo hilo halikutajwa.

Jihadharini pia: asiyepata mwandani nyumbani hushawishika kumtafuta kwingine.

Zoezi la wiki hii: Kabla ya sala ya jioni, kila mmoja amwulize mwenzake swali moja lisilohusu fedha, watoto wala kazi. Anayesikiliza asikatize, asikemee, wala asitoe shauri mpaka aombwe. Walio mbali wafanye hivyo kwa simu.

Mungu azibariki ndoa zenu.