Kamera Ikiwaka, Usijifiche

Somo: 1 Samweli 16:1–13



Una usaili wa kazi ya hoteli kwa simu ya video. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zina kuta nene za mawe na zimebanana vichochoroni. Hata mchana ndani mna giza. Basi keti ukielekea dirisha, usiligeuzie mgongo. Iegemeze simu juu ya vitabu, ilingane na macho. Vaa nguo safi iliyopigwa pasi. Ukizungumza, itazame kamera. Yote hayo ni kumheshimu unayezungumza naye.

Ila zile filta za kung'arisha ngozi na kuchonga pua, zima kabisa. Samweli alipomwona Eliabu alivutiwa na umbo na kimo chake, akadhani ndiye. Mungu akamkatalia, kwa kuwa Yeye huutazama moyo. Akamchagua Daudi, aliyeachwa machungani hata hakuitwa. Na Daudi naye alikuwa na sura ya kupendeza! Uzuri si dhambi, ila sio kipimo.

Jiulize: nikizima filta, namwonea nani aibu?

Tusali: Ee Bwana uliyeniumba, nijalie kujiandaa vizuri na kusimama mbele za watu bila kujificha. Amina.