Somo la Mwezi: Ochola, Nyapol na Simu Zetu

Mkiniuliza ni kitabu gani ninachokipenda, jibu ni The Promised Land cha mama yetu Grace Ogot (1930–2015). Kilitoka 1966 kwa Kiingereza, kwa hiyo anayejua asome na kuwafafanulia wengine kwa Dholuo au Kikuria.

Ochola wa Nyanza amesikia kwamba Tanganyika kuna ardhi tele yenye rutuba. Mkewe Nyapol hataki kuhama, lakini bwana ameshaamua, basi anamfuata. Huko shamba linazaa vizuri. Halafu jirani anaingiwa na wivu, Ochola anashikwa na ugonjwa wa ajabu wa ngozi, na mwishowe wanaacha mali yote. Wengine husema ni kitabu cha uchawi. Mimi naona ni cha mume na mke ambao hawakukaa chini wakaongea.

Kwetu Migori na Homa Bay, Tanganyika ya Ochola siku hizi iko ndani ya simu. Ujumbe unaingia WhatsApp: tuma elfu mbili, upate elfu kumi. Mtu anatuma pesa ya karo kwa M-Pesa usiku, na mwenzake amelala hapo kando hajui kitu. Simu yenyewe si mbaya (benga nasikilizia humo humo!), lakini ujumbe kama huo unataka ujibu sasa hivi. Kitabu mnaweza kukifunga, mkabishana, mkakirudia wiki ijayo.

Jadilianeni: Nyapol angefanya nini ili asikilizwe? Na nyumbani kwako, nani huulizwa kabla pesa haijatoka?