Jeki Huinua, Haishikilii

Lori likiharibika njiani, mara nyingi utingo hulipandisha kwa jeki, akaweka mawe au matofali ya saruji chini ya ekseli, kisha akaingia uvunguni. Vitu hivyo havina gharama, lakini vinaua.

Kazi ya jeki ni kuinua tu. Jeki ya mafuta ikivuja hushuka yenyewe. Jiwe huteleza, na tofali la saruji hupasuka ghafla bila onyo. Aliyebanwa kifua hawezi kuvuta pumzi. Hufa katika dakika chache.

Aliyebanwa mguu naye yumo hatarini. Mwaka 1941, baada ya London kupigwa mabomu, daktari Eric Bywaters alieleza habari za watu waliofukuliwa katika vifusi wakionekana wana nafuu, kisha wakafa kwa sababu figo zilishindwa kazi. Misuli iliyopondwa humwaga sumu katika damu.

Basi tuzingatie haya:

1. Gari lisimame mahali tambarare na pagumu, na magurudumu yazuiwe kwa kabari.

2. Tumia stendi za chuma zinazoweza kubeba uzito wa gari hilo. Kama huna, usiingie uvunguni.

3. Usifanye kazi peke yako.

4. Aliyebanwa atolewe upesi na kupelekwa hospitali, hata kama anaongea. Mwelezeni mganga alibanwa kwa muda gani. Mkojo wa rangi ya kahawa ni dalili mbaya.

Wazazi, kabla ya kumkabidhi kijana wenu gereji, mwulizeni fundi: stendi ziko wapi?